Ndimu, Nanasi na Mwembe wa Ndani ya Pipa: Matunda ya Joto katika Baridi ya Njombe

Basi linalotoka Kyela kwenda Njombe huanzia takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari na kuishia karibu na mita 2,000, na abiria anayetazama nje anaweza kuifuata safari nzima kwa kuangalia miti. Michikichi, mikakao na miembe huachwa bondeni kabla ya Tukuyu. Migomba huendelea na kustawi katika mvua za Rungwe. Baada ya Uyole barabara hushuka kuelekea Igurusi na Chimala, ambako miembe huonekana tena kwa muda kando ya mashamba ya mpunga. Kisha hufuata Makambako, halafu Njombe, na hapo mashamba ni ya chai, viazi mviringo, parachichi na misindano. Hewa hupungua joto kwa takribani nyuzi 6 hadi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya ufukwe wa Ziwa Nyasa na mji wa Njombe kuna tofauti inayokaribia nyuzi 9.

Mimi ni mtu wa Kyela niliyehamia Njombe kikazi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikuza matunda ya kwetu katika ndoo, mapipa na masanduku ya mbao yaliyopangwa barazani. Wageni wanaofika nyumbani, tukishamaliza kuamkiana kwa "kamwene", huuliza kama huku yanazaa. Jibu ni kwamba mengine yanazaa, mengine yanaishi tu bila faida, na machache hayastahili kusumbuliwa. Ninaandika makala haya kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana kuhusu kukuza miti ya kitropiki ndani ya vyungu yameandikwa na watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, na mkazi wa Njombe, Makete au Mafinga akiyafuata kama yalivyo atautesa mti wake bure, kwa kuwa baridi wanayoizungumzia wao si hii ya kwetu.

Mkulima wa vyungu wa London hupambana na mambo mawili kwa pamoja, yaani baridi na giza. Mwezi Desemba urefu wa mchana wake ni takribani saa 8 tu, na jua lenyewe hupita chini sana angani, kwa hiyo mti hulazimika kuingizwa ndani ya nyumba tangu Oktoba na kukaa humo hadi karibu Mei, mara nyingi chini ya taa za umeme zilizowekwa ili majani yapate mwanga. Sisi tuko takribani nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Siku yetu fupi kuliko zote, mwishoni mwa Juni, bado ina mwanga wa takribani saa 11 na nusu, na kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, ndicho kipindi ambacho mvua imekatika, mawingu ni machache katika maeneo mengi na jua la mchana huwaka vizuri. Taabu yetu huanza jua likizama. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hewa baridi hutiririka mabondeni kama maji, na katika maeneo kama Kitulo, Makete na mabonde ya Mufindi umande huganda juu ya nyasi kabla ya mapambazuko. Mchana upepo wa kusi hukausha kila kitu. Kwa hiyo mti wetu haukosi mwanga. Unachokosa ni usiku wenye joto, na kitu kinachousumbua zaidi ni mizizi iliyokaa katika udongo baridi huku majani yake yakiwa juani.

Hili la mizizi ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo lote. Mti uliopandwa ardhini una mizizi katika udongo ambao, ukishuka chini kiasi cha nusu mita, haubadiliki sana joto kati ya mchana na usiku. Mti wa chunguni hauna kinga hiyo, kwa sababu hewa huuzunguka udongo wake pande zote, na ndoo ya lita 20 iliyoachwa nje usiku wa Julai huamka ikiwa na baridi inayokaribia ile ya hewa yenyewe. Miti ya jamii ya michungwa karibu husimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, na mizizi yake hunyonya maji kwa shida. Saa nne asubuhi jua linapolipiga jani, jani hudai maji ambayo mizizi haina uwezo wa kuyapandisha. Majani hulegea, hupata umanjano, kisha huanguka, na mwenye mti, akidhani kiu ndiyo chanzo, huongeza maji. Udongo uliokwisha kulowa na kupoa hukosa hewa, mizizi huoza, na kufikia Septemba mti umekufa, nao watu husema umeuawa na baridi. Kwa kiasi kikubwa umeuawa na kopo la maji.

Kwa sababu hiyo, katika kipupwe mimi hupima kwa kidole kabla ya kumwagilia: ikiwa udongo una unyevu kwenye kina cha kidole kizima, sitii maji hata kama uso wa juu umekauka na kupauka. Nikimwagilia, hufanya hivyo asubuhi jua likishapanda, kwa maji yaliyolala ndani ya dumu na kupigwa jua, kwa kuwa maji ya bomba ya Njombe mwezi Julai yana baridi ya kutosha kuushitua hata mkono. Jioni simwagilii kabisa. Haifai vilevile kuuacha mti ukauke moja kwa moja, kwa maana kusi haina huruma, na udongo wenye magome na pumba ukikauka kupita kiasi hukataa kupokea maji tena. Yakimwagwa hupita pembeni mwa chungu na kutokea chini huku katikati pakiwa pakavu.

Udongo wenyewe hauwezi kuwa udongo mwekundu wa shambani peke yake. Ndani ya chombo udongo wetu wa mfinyanzi hushikamana baada ya kumwagiliwa mara chache, na maji hutuama. Bahati nzuri nyanda hizi zina karibu kila kitu kinachohitajika. Viwanda vya kupasua mbao vya Mafinga, vinavyotegemea msitu wa Sao Hill, huacha malundo ya magome ya misindano, na magome hayo yakishavunjwavunjwa na kuozeshwa kwa miezi kadhaa ndiyo malighafi ileile ambayo vitalu vikubwa vya nchi nyingine hutumia kujazia vyungu. Mashine za kukoboa mpunga za Usangu hutoa pumba, ambazo ni bora zaidi zikichomwa hadi kuwa nyeusi bila kuachwa ziwe majivu. Upande wa Rungwe hupatikana mawe mepesi ya volkano, yenye vitundu, ambayo yakipondwa hadi ukubwa wa punje za mahindi hushika maji kidogo na hewa nyingi. Mbozi wana makapi ya kahawa. Mimi huchanganya sehemu mbili za magome, sehemu moja ya mawe mepesi au pumba zilizochomwa, sehemu moja ya mboji iliyoiva au samadi ya ng'ombe ya zamani, na sehemu moja tu ya udongo wa kawaida. Maranda mabichi ya mbao yaepukwe, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo na kuuacha mti ukipauka. Majivu ya jikoni pia, ambayo bibi zetu waliyamwaga kila mahali kwa manufaa, hayafai kuzidishwa kwenye chungu cha mlimau: hupunguza uchachu wa udongo, chuma hukosa kunyonywa, na majani mapya hutoka ya njano yenye mishipa ya kijani.

Kuhusu vyombo, wengi hukimbilia pipa kubwa wakiamini kwamba mti utafurahia nafasi. Mche mdogo katika pipa la lita 200 umezungukwa na udongo ambao mizizi haijaufikia, na udongo usio na mizizi hubaki na maji baridi kwa wiki nzima. Ni afadhali kupanda hatua kwa hatua, kutoka ndoo ya lita 10 kwenda ya 20, kisha 60, na kuishia hapo au kwenye nusu ya pipa. Ndoo nyeusi ya plastiki hupata joto haraka mchana na kulipoteza haraka usiku. Kuitumbukiza ndani ya chombo kikubwa zaidi na kujaza maranda makavu kati ya viwili hivyo husaidia sana, na gharama yake ni ndogo. Chombo bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni sanduku la mbao. Katika kasri ya Versailles nchini Ufaransa kuna jengo lililojengwa kati ya 1684 na 1686 kwa ajili ya michungwa ya Mfalme Louis XIV, lenye kuta nene na madirisha marefu yanayotazama kusini, na miti yake, ambayo leo imepita elfu moja, hukaa katika masanduku ya mbao ambayo ubavu wake unaweza kufunguliwa ili mtunza bustani aione mizizi na kuipunguza bila kuung'oa mti. Fundi seremala yeyote wa Njombe anaweza kutengeneza sanduku la namna hiyo kwa mbao za msindano zilizotiwa dawa, mradi upande mmoja ufungwe kwa skrubu na si kwa misumari.

Madirisha hayo ya Versailles yananikumbusha kosa linaloweza kumpata msomaji wa vitabu vya Ulaya. Vitabu hivyo husema mti uegemezwe kwenye ukuta unaotazama kusini, na kwao ni kweli, kwa sababu jua lao la majira ya baridi liko kusini. Kwetu mwezi Juni jua la saa sita mchana limeegemea kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 30 kutoka utosini, kwa hiyo ukuta wa kuutumia ni ule unaotazama kaskazini. Ukuta huo ukiwa wa tofali za kuchoma hupokea joto mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku, na upenu ulio juu yake huuzuia mti usilitazame anga moja kwa moja. Jambo hili la anga si dogo: usiku mkavu usio na mawingu, jani lililo wazi hupoteza joto hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na ndiyo maana umande unaweza kuganda juu ya majani wakati kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kichwa bado kinaonyesha nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri. Upenu wa kawaida, au hata tawi pana la mti mwingine, hutosha mara nyingi kuleta tofauti kati ya jani zima na jani lililoungua. Na kama nyumba iko kwenye mteremko, vyungu viwekwe upande wa juu wa nyumba au pembeni, visiwekwe nyuma ya uzio wa tofali ulio upande wa chini, kwa sababu hewa baridi inayoshuka hukusanyika hapo na kukosa pa kwenda.

Sasa nije kwenye miti yenyewe. Kwa anayeanza, jamii ya michungwa ndiyo mlango, ingawa haistahimili baridi kwa kiwango kimoja. Mndimu ni dhaifu, mlimau huufuata, mchungwa ni mgumu zaidi, na michenza ni migumu kuliko hiyo yote. Kuna aina moja ya limau inayoitwa Meyer, iliyopelekwa Marekani kutoka China mwaka 1908 na mtafiti wa mimea Frank Meyer. Huko China ilikuwa tayari ikikuzwa vyunguni kama mti wa mapambo, na inavumilia baridi kuliko limau la kawaida. Ukibahatika kupata mche wake uliobebeshwa, usiuache. La sivyo mlimau wa kawaida uliobebeshwa unatosha. Huku juu matunda huchelewa kuiva, huwa na ganda nene na uchachu mwingi, lakini rangi yake ni nzuri mno. Wanaonunua machungwa ya Muheza wanajua kwamba yanaweza kuwa matamu yakiwa bado ya kijani, kwa sababu ganda la chungwa huhitaji usiku wa baridi ili kijani kiondoke. Chenza la Njombe halina tatizo hilo, linang'aa hadi wapita njia wanaomba.

Nanasi ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, ila linahitaji subira. Kichwa cha majani kilichokatwa kwenye tunda la sokoni, kikishakaushwa kivulini siku chache na kupandwa katika ndoo ya lita 10 yenye mchanganyiko mwepesi, hushika mizizi bila matatizo. Katika kipupwe huhitaji maji kidogo mno, jambo linaloliondolea balaa la mizizi kuoza. Kyela nanasi hukomaa ndani ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Njombe mtu asitegemee kabla ya mwaka wa tatu, na tunda litakuwa dogo lenye uchachu, kwa kuwa baridi huongeza asidi ya nanasi. Lakini kuna jambo linalonipendeza hapa. Mmea mkubwa wenye majani thelathini au zaidi unaweza kushurutishwa kutoa ua kwa gesi ya ethilini, ambayo tunda lililoiva huitoa lenyewe. Katika visiwa vya Azores, ambako mananasi hukuzwa ndani ya nyumba za vioo tangu karne ya 19, wakulima huijaza nyumba moshi wa majani yanayofuka ili yote yatoe maua kwa pamoja, kwa sababu moshi huo una gesi hiyohiyo. Sisi hatuna haja ya moshi, kwa kuwa Njombe ina matufaa. Weka matufaa mawili yaliyoiva sana katikati ya majani ya nanasi, funika mmea wote kwa mfuko wa nailoni kwa siku chache mahali pasipo na jua kali, kisha ufunue. Baada ya miezi kama miwili ua jekundu huanza kuchungulia. Fanya hivyo Oktoba ili tunda likue katika miezi ya joto.

Mwembe ndio mti ninaoulizwa zaidi, na ndio unaohitaji maelezo marefu, kwa sababu tabia yake ni ya kushangaza: baridi inayouharibu ndiyo inayouamuru utoe maua. Chipukizi lililokomaa likikutana na usiku wa chini ya nyuzi 15 kwa wiki kadhaa mfululizo, ncha yake huacha kutengeneza majani na kutengeneza shada la maua. Kwa hiyo mwembe wa Njombe hauna uhaba wa maua. Mwezi Juni na Julai unaweza kufunikwa navyo vishada hadi majani yasionekane. Shida ni kwamba usiku huohuo huidhoofisha chavua, na nzi wanaochavusha maembe hawaruki katika asubuhi zenye ukungu, kwa hiyo maua huanguka karibu yote, au huacha vijiembe vidogo visivyo na kokwa ambavyo hufikia ukubwa wa zabibu kisha vikadondoka. Juu ya hayo, baridi kavu ndiyo hali inayopendwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe ambao wakulima wa mikorosho wa Mtwara na Lindi huupiga kwa vumbi la salfa. Salfa hiyohiyo, ikinyunyizwa kwa kiasi mara maua yanapoanza kufunguka, huufaa mwembe wa barazani pia.

Njia ninayoiamini ni kuyakataa maua ya kwanza. Mashada yanayotoka Juni huyanyofoa yote yakiwa na urefu wa kidole, na mti, ukiwa na afya na usiku ukiwa bado wa baridi, hutoa mashada mengine kutoka kwenye macho ya pembeni yaliyo chini ya ncha. Maua hayo ya pili hufunguka Agosti na Septemba, wakati mchana umeanza kuwa na joto la kweli. Usiku bado si wa Kyela, na hapo ndipo chungu kinapolipa gharama zake zote: mti huingizwa jioni katika kibanda cha nailoni kilichoegemezwa kwenye ukuta wa kaskazini na kutolewa asubuhi ili nzi na nyuki waufikie, kazi inayowezekana kwa sababu sanduku lina magurudumu. Ukichelewa kunyofoa hadi hewa ipate joto, macho ya pembeni hutoa majani badala ya maua, na mwaka huo umekwisha. Huko Miyazaki, kusini mwa Japani, maembe ya aina ya Irwin hukuzwa ndani ya nyumba za plastiki zinazopashwa moto, kila tunda likifungiwa wavu wake ili likiiva lidondokee humo lenyewe. Sitaki mtu adhani kibanda changu kinafanana na hayo, lakini wavu huo nimeuiga, kwa kuwa embe lililoanguka lenyewe ni tamu kuliko lililochumwa, na mtoto wa jirani hana nafasi ya kubahatisha.

Aina ya mwembe ni muhimu kuliko mbolea. Dodo lililopandwa kwa kokwa ni jitu. Litakaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa na litapasua pipa kabla ya hapo. Chukua mche uliobebeshwa wa aina yenye umbo dogo, ambao unaweza kuanza kutoa maua katika mwaka wa pili au wa tatu, na uukate ncha ya juu mapema ili utoe matawi matatu yaliyosambaa. Katika sanduku la lita 60 usiuruhusu kubeba zaidi ya maembe manane au kumi. Nafahamu uchungu wa kung'oa vijiembe vichanga, hasa kwa mtu aliyevisubiri, lakini mti wa chunguni ulioelemewa hukaa mwaka mzima unaofuata bila kuchipua.

Mengine niyapitie upesi. Mpapai unakua, ila mwezi Julai katika udongo uliolowa huoza shina kwenye usawa wa ardhi ndani ya siku chache; na hata ukipona, baridi hulifanya papai lipoteze sukari, na miti yenye maua ya jinsia mbili huzaa matunda yenye mikunjo na makovu. Mpapai wa Njombe ni wa kupendezesha baraza. Mgomba mfupi huishi vizuri ukikingwa na upepo, lakini jani jipya karibu halitoki joto likiwa chini ya nyuzi 14, na mkungu hauna maana. Ndizi za Tukuyu ziko sokoni kila siku kwa bei ambayo haihitaji mashindano. Mstafeli hupukutisha majani na kususa. Mpera, kwa upande wake, huvumilia baridi nyepesi na kuzaa katika ndoo ya lita 20 kama vile hakuna kilichotokea. Matopetope ya milimani, karakara za zambarau na migogwe sizihesabu hapa, kwa sababu zinapenda hali yetu ya miinuko, zipandwe ardhini.

Usiku ambao dalili za umande kuganda zinaonekana, yaani anga wazi, upepo umetulia na ubaridi unauma tangu saa moja jioni, hufunika miti iliyobaki nje kwa shuka kuukuu au magunia yaliyoshikiliwa na vijiti ili yasiguse majani. Nailoni inayogusa jani huliunguza mahali ilipogusa. Madumu mawili matatu ya lita 20 yaliyojaa maji na kukaa juani mchana kutwa, yakiwekwa kati ya vyungu chini ya shuka hiyo, hutoa joto polepole hadi alfajiri. Kifuniko kiondolewe jua likitoka. Jambo moja ninalolisema kwa msisitizo: jiko la mkaa lisiingizwe katika kibanda wala katika chumba cha kulala kwa ajili ya miti au kwa ajili ya watu. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na katika nyanda zetu hizi kuna familia zilizolala na jiko ndani na hazikuamka.

Miti inayokaa karibu karibu chini ya kinga hupata wadudu ambao shambani wangepunguzwa na mvua: wadudu gamba, vidung'ata na utitiri mwekundu. Maji ya sabuni ya kipande, yaliyopigwa chini ya majani kila wiki, hutosha kama umewahi. Ukiona sisimizi wanapanda shina kwa msururu, tafuta vidung'ata, kwa sababu sisimizi huwachunga kwa ajili ya utamu wanaoutoa.

Mbolea yenye naitrojeni, iwe CAN, UREA au samadi mbichi ya kuku, isitiwe kati ya Mei na katikati ya Agosti, kwa kuwa huamsha machipukizi laini ambayo usiku mmoja huyakausha. Mwishoni mwa Agosti mti ukianza kuvimba macho, ndipo hufungua ubavu wa sanduku, kwa ile miti iliyokaa miaka miwili au mitatu bila kuguswa, nakata kwa msumeno mizizi iliyozunguka ukingoni kiasi cha upana wa vidole vitatu, najaza udongo mpya na kupunguza matawi kwa kiasi hichohicho ili mizizi iliyobaki isizidiwe. Mwembe uliobeba maua hauguswi. Huo husubiri hadi matunda yachumwe. Mbolea hutiwa kidogo kidogo kuanzia Septemba, na mvua zikianza Novemba kazi hugeuka kuwa ya kuhakikisha matundu ya chini ya vyungu hayajaziba, kwa sababu Njombe hunyesha hadi Aprili na chungu kisichopitisha maji kinaweza kuumaliza mti uliopona baridi yote.